Kirotshe imefika Rio: na siye watoto wa mugodi, tutakimbia lini?

Siku ya mungu, tarehe 21 mwezi wa munane 2016, hapa kwetu Lubumbashi ilikuwa saa nane na nusu ya muchana. Kule Rio de Janeiro, mu inchi ya Brazil, ilikuwa ingali asubui na mvua ilikuwa inanyesha. Wanaume 155 walianza mbio ya marathon ya Michezo ya Olimpiki. Mu katikati yao alikuwa mumoja mwenye kuvaa rangi za Kongo: Makorobondo Salukombo, mutoto wa Kirotshe. Siku tano mbele ya pale, tarehe 16, mu uwanja wa mule mule Rio, musichana wa miaka 18, Beatrice Kamuchanga, alikimbia metre 5000, ni kusema kuzunguka uwanja mara kumi na mbili na nusu.

Hawakuleta medali. Marathon aliishinda Mukenya Eliud Kipchoge, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Salukombo alifika nyuma yake mbali, lakini alifika. Kamuchanga hakuvuka hatua ya kwanza. Hapa kwetu habari ile ilipita kama gari-moshi ya usiku: wenye kulala hawakuisikia.

Sisi tunasema habari ile inatuhusu, sisi watu wa mugodi, kupita mechi nyingi za mupira tunazobishaniaka kila siku. Inchi yetu, kubwa vile iko, ilipeleka Rio wanamichezo wanne tu. Wawili kati ya wale wanne ni wakimbiaji, na wote wawili wanatoka ku kilabu kimoja cha mbio, mu kijiji kimoja ambacho wengi wetu hatukujua jina lake. Kijiji kile kimefanya namna gani? Na miji yetu ya shaba, yenye barabara na viwanja, inakosa nini?

Kijiji cha kando ya ziwa

Kirotshe iko mu Kivu ya Kaskazini, kandokando ya ziwa Kivu, ku njia ya kutoka Goma kwenda upande wa Bukavu. Watu wa kule wanalima, wanavua samaki, wanachunga ngombe ku milima. Ni inchi nzuri ya kutazama, lakini vita imepita pale mara nyingi. Hatujasahau mwezi wa kumi na moja 2012, wakati Goma yenyewe iliangukia mu mikono ya M23.

Salukombo alizaliwa pale. Akingali mutoto, vita ilifukuza jamaa yake. Walikimbilia Uganda, kisha wakapata njia ya kufika Marekani, mu muji wa Cleveland. Kule alianza kukimbia ku masomo ya sekondari, kisha akaendelea ku université ya Denison. Kijana wa namna ile, mwenye masomo na makaratasi ya Marekani, angeweza kubaki kule na kutuma feza kidogo kila mwisho wa mwezi. Watu wangemusifu. Yeye alirudia Kirotshe na kuanzisha kilabu cha mbio, Project Kirotshe.

Kazi ya kilabu kile ni rahisi kueleza. Vijana, wanaume na wasichana, wanakimbia pamoja ku barabara ya udongo na ku vilima. Na mbio inaenda pamoja na masomo: mutoto anasaidiwa kusoma, anajifunza na Kiingereza, kusudi siku moja miguu yake imufungulie mulango wa université. Hakuna uwanja wenye mustari myeupe, hakuna nyumba ya mazoezi yenye vyuma. Kuna kundi la watu wenye kuamuka saa moja, na mutu mumoja mwenye kujua kazi na mwenye kubaki nao.

Ile kazi imezaa wakimbiaji wawili wa Olimpiki. Mutu akisema «walifika nyuma», tunamujibu: uangalie kwanza mahali walianzia.

Tusijidanganye vilevile

Lakini habari nzuri haituruhusu kudanganyana. Tupime umbali vizuri. Marathon ni km 42 na metre 195. Kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi ni karibu km 30. Basi, kimbia mpaka Kipushi, ukifika usinywe hata munkoyo, geuka, rudi tena km 12. Kule Rio Kipchoge alifanya ile njia yote kwa mwendo wa dakika tatu na sekunde tatu kwa kilometre moja, na hakupumuzika. Kati ya mwendo ule na wa wakimbiaji wetu kuna shimo refu. Halizibwe na maombi ya siku ya mungu peke yake.

Tena si mara ya kwanza Kongo kuwa na mukimbiaji. Ku Atlanta, mu 1996, wakati inchi ingali inaitwa Zaïre, Kalombo Mwenze alikimbia marathon. Ku London, mu 2012, alikuwa Ilunga Mande Zatara. Na Gary Kikaya, muzaliwa wa Kinshasa, mu 2006 alikimbia metre 400 kwa sekunde 44,10. Ile saa ilibaki saa ya kwanza ya Afrika nzima mpaka 2014. Lakini Kikaya alikulia Afrika ya Kusini, akatengenezwa ku université ya Tennessee, Marekani. Siku aliacha kukimbia, hakukuwa hapa kundi la vijana lenye kusema: «Alitufundisha, sasa ni zamu yetu.»

Njo tofauti ya Kirotshe. Mukimbiaji wa peke yake ni kama muchimbaji mwenye kupata jiwe zuri mara moja: anakula leo, kesho shimo ni tupu. Kilabu ni mugodi wenyewe. Kinaweza kutoa mumoja leo, mwingine nyuma ya miaka ine, na mwingine tena.

Shida si hewa

Kuna wenye kusema: «Bakenya na Baethiopia beko na milima, siye hatuna.» Tuangalie hesabu. Muji wa Iten, kule Kenya, mahali wakimbiaji wakubwa wanajifunzia, uko ku metre 2400 hivi juu ya bahari. Ni juu kweli. Lakini maji ya ziwa Kivu, mahali Kirotshe inakaa, iko ku metre 1460. Na Kolwezi yetu? Iko karibu sawasawa na ziwa lile, zaidi ya metre 1400. Lubumbashi iko chini kidogo, ku metre 1200 na zaidi. Basi mutoto wa Kolwezi anapumua karibu hewa ile ile ya mutoto wa Kirotshe, tukiacha vumbi kando. Tutarudia ku vumbi.

Hata kule Iten, urefu wa mulima peke yake haukimbie. Kinachokimbia ni kundi. Asubui na mapema wanatoka wengi, muzaifu anashikilia mugongo wa mwenye nguvu, kesho anamufikia, siku ingine anamupita. Mutoto anakua akiona mukubwa mwenye medali akipita mbele ya nyumba yao, anajua ile kitu inawezekana. Hapa kwetu mutoto anaona nini asubui? Anaona malori ya shaba yakielekea Kasumbalesa, na vijana wenye kinga na kiroba wakielekea ku shimo.

Zamani ya makambi

Wazee wetu watatuambia kama hapa haikuwa vile. Wako na haki. Union Minière ilipoanza kutuliza wafanya-kazi mu makambi pamoja na wake na watoto wao, ilijenga nyumba, hospitali, masomo na viwanja vya michezo. Gécamines ilifuata njia ile. Mu kambi kulikuwa mupira, na mushahara wa baba ulikuja na poso ya unga. Mu 1986 Gécamines ilitoa tani 476 000 za shaba, na mutoto wa mufanya-kazi alikuwa na mahali pa kucheza bila mutu kuuliza ni nani analipa.

Kisha kampuni ilianguka. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mu 1990, inchi ikaingia mu fujo, na mu 2003 wafanya-kazi 10 655 waliondoka mu ile programu inayoitwa «kuondoka kwa mapenzi», hata kama mapenzi yenyewe ilikuwa kidogo. Mu nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu, kuna jina moja mu hesabu ile. Poso iliisha, hospitali ikawa ya kulipa, minervale ikawa muzigo wa mama mwenye kuuzisha ku soko. Na michezo? Ilizimika kama taa. Viwanja vingine vilibaki majani, vingine vilikatwa vipande vya kujengea.

Hatusemi kama ni kosa la wafanya-kazi. Mutu mwenye kukosa bukari hatafuti uwanja. Lakini mu habari ile kuna somo, hata likiuma. Michezo yetu ilikuja mu mukono mumoja na poso. Sisi hatukujifunza kuitunza, kwa sababu haikuwa yetu. Kampuni ilipoanguka, ilianguka nayo. Kirotshe haikuwa na kampuni ya kuangukia. Njo maana kilabu chao kimesimama wakati vita inapita, na viwanja vyetu vililala wakati wa amani.

Feza iko wapi?

Sasa tuseme ya feza, kwa sababu bila feza mazungumuzo haya ni upepo.

Mu 2016 tuliona feza ya michezo inaweza kupatikana. Tarehe 7 mwezi wa pili, ku Kigali, Léopards walipiga Mali 3 kwa 0 na kupata kombe la CHAN. Meschack Elia alitia mabao mawili, Jonathan Bolingi moja, wote wawili watoto wa TP Mazembe. Tulifurahi mpaka usiku kati. Rais aliwapa wachezaji magari, kila mumoja yake. Hatuna wivu, walifanya kazi. Lakini gari moja ya namna ile ingeweza kuvalisha viatu vya mbio vijana wa makambi mengi.

Mwaka ule walituambia: «Mwaka huu ni mubaya, shaba imeanguka.» Ilikuwa kweli. Mu 2011 tani ya shaba ilifika dola 10 000. Mu mwezi wa munane 2016 ilikuwa chini ya 5000. Mu 2015 migodi mikubwa ilisimamisha kazi, na baba wengi walibaki ku nyumba. Tunajua, tuliishi nao. Lakini shaba ilipokuwa juu, viwanja vilijengwa wapi?

Kila mufanya-kazi anafaa kujua sheria ilisema nini wakati ule. Sheria ya migodi ya 2002 iliomba kampuni kulipa juu ya shaba iliyouzishwa 2 kwa mia, nyuma ya kuondoa bei ya kusafirisha na gharama zingine. Feza ile iligawanywa: 60 kwa mia ilienda Kinshasa, 25 kwa mia ku jimbo, na 15 kwa mia ku muji ao teritware mahali shimo liko. Ile 15 kwa mia iliwekwa juu ya mambo ya watu: barabara, masomo, maji na mengine ya lazima.

Tufanye hesabu ya mufano kwa sheria ile. Kampuni ikiuzisha shaba ya dola milioni 100, hata tukiondoa gharama na kubaki na milioni 90, 2 kwa mia ni dola milioni 1 na elfu 800. Sehemu ya muji ni 270 000. Kwa kulipa mwalimu wa mbio mumoja, kununua viatu vya watoto makumi ine na kusawazisha kiwanja kimoja cha udongo, haiombe hata sehemu ndogo ya kumi ya ile feza. Lakini kila mutu anajua namna feza ile ilikuwa inachelewa mu njia, na ikifika, raia hawakuonyeshwa karatasi yake. Wakubwa wa miji wakikosa kusema ni ngapi imeingia na imefanya nini, watu watafikiri mabaya, na hawatakuwa na kosa.

Basi tunaomba vitu viwili, na kimoja kisifiche kingine. Wakubwa waonyeshe ile 15 kwa mia. Na sisi tusingojee karatasi ile ionekane kwanza njo watoto waanze kukimbia.

Kiroba na kiatu

Kuna neno lingine zito. Mu 2014 UNICEF ilihesabu kama watoto karibu 40 000 wanafanya kazi mu migodi ya kusini ya inchi yetu. Mwanzo wa 2016 watu wa haki za binadamu walitoa kitabu juu ya kobalti, na dunia nzima ilisoma habari ya watoto wetu wenye kuosha na kubeba mawe. Hapa kwetu watu hawakushangaa. Wanawaona kila siku.

Wengine wanasema: «Batoto bale beko na nguvu, banabeba kiroba, baende bakimbie.» Hapana. Mutoto mwenye kubeba mawe tangu asubui mugongo wake unachoka mbele ya kukomaa, kifua chake kinajaa vumbi, na jioni anakula kidogo. Mbio inaomba chakula, usingizi na mifupa mizima. Kilabu cha mbio hakiwezi kuponya njaa ya nyumba. Kinaweza kitu kimoja: kumupa mutoto sababu ya kukaa ku masomo. Kirotshe walifahamu vile, njo maana daftari na kiatu vinaenda pamoja. Kilabu chenye kukimbiza watoto bila kuuliza kama wako mu masomo ni shimo lingine tu.

Juu ya vumbi tuseme wazi. Barabara kubwa za malori hazifae kwa mbio. Mwenye kukimbia anavuta hewa mingi kupita mwenye kutembea, na vumbi ya mugodi inaingia naye. Wenye kutaka kukimbia wachague njia za ndani, watoke mapema mbele ya malori kuwa mengi, na waepuke njia za kandokando ya viwanda. Tena wakimbie wengi pamoja, mwenye kuvaa nguo nyeupe mbele na mwingine nyuma, kusudi dereva awaone.

Na wasichana?

Hatutafunga bila kurudia ku jina la Beatrice Kamuchanga. Mu miji yetu musichana wa miaka 18 akikimbia ku barabara na kaptula, watu wanapiga miluzi, na mama yake anaulizwa kama anamulea namna gani. Musichana yule amesimama ku mustari mumoja na wasichana wa Ethiopia na Kenya, dunia nzima ikimutazama. Alifika nyuma yao. Lakini leo mu Kirotshe kuna vitoto vya kike vyenye kujua kama musichana wa kwao anaweza kupanda ndege kwa sababu ya miguu yake. Watoto wa kike wa Likasi na Kambove wanafaa kujua vilevile.

Pia tukumbuke mu Rio kulikuwa Wakongomani wengine wawili, wacheza judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Walicheza mu kundi la wakimbizi, chini ya bendera ya Olimpiki, kwa sababu tangu 2013 walibaki Brazil na hawakurudi. Inchi isiyotunza watoto wake inawaona ku televizio wakivaa rangi ya wengine.

Tunawezaje kuanza?

Hatuna dawa kubwa. Tuko na mambo ya kuanza nayo. Mu kila kambi ya zamani kungali mutu mumoja mwenye kukimbia zamani ao mwalimu wa michezo mwenye kukaa bure: atafutwe, aombwe. Watoto kumi wanatosha kuanza, wasichana ndani. Asubui tatu kwa poso, saa kumi na moja na nusu, mahali pamoja. Wazazi wawili wasimamie njia. Daftari moja ya kuandika majina na saa za kila mumoja, kwa sababu mutoto akiona ku karatasi kama mwezi huu amepita ile ya mwezi uliopita, atarudi bila kuitwa. Sendika nazo, siku ya kuongea na kampuni juu ya mushahara na hospitali, ziweke pale vilevile kiwanja cha watoto. Kampuni ikijibu kama iko na shida, sendika zikumbushe kama kiwanja cha udongo hakiombe saruji.

Miaka ine inapita mbio, na Michezo ingine ya Olimpiki itafika. Pengine Kirotshe itapeleka tena wawili, pengine vita itawazuia, hatujui. Lakini siku ile hatutaki kuandika tena kama miji yenye kutoa shaba na kobalti ya dunia haikutoa hata mukimbiaji mumoja.

Basi, baba na mama munaotusoma, mutoto wenu akiomba ruhusa ya kutoka kukimbia mbele ya masomo, musimuulize kwanza mbio italeta feza gani. Mumuulize ni wangapi wanakimbia pamoja naye. Akisema ni peke yake, mugongeni mulango wa jirani.